Fahamu: Mipaka ya dola katika taarifa za mwenye simu
Mkazi wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, anaposajili laini ya simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, mawasiliano yake huweza kuhusishwa na jina lake, jambo linalosaidia kuwabaini matapeli lakini pia linaloipa dola uwezo mkubwa wa kumfuatilia. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha, yaani haki ya mtu kutoingiliwa katika maisha na mawasiliano yake binafsi, na inataka uingiliaji ufuate utaratibu wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliunda tume ya kusimamia haki hiyo, ingawa inatoa misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, misamaha ambayo isipodhibitiwa na mahakama huru humwacha raia bila kinga.