Zebaki mwilini: kufunga chanzo kwanza, "kusafisha damu" baadaye

Zebaki ni metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida. Lita moja yake ina uzito wa kilo 13.6, na tone likidondoka sakafuni hutawanyika na kuwa vishanga vidogo vinavyokimbilia kwenye nyufa. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini haingoji kufika huko ndipo idhuru: hata ikiwa imetulia chumbani hutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Zebaki haina kazi yoyote yenye manufaa ndani ya mwili wa binadamu, na ikizidi huumiza ubongo, mishipa ya fahamu na figo.

Mtu mwenye maradhi ya muda mrefu, kama kisukari, presha, ugonjwa wa figo au virusi vya UKIMWI, hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni sumu yenyewe, kwa kuwa viungo vyake huenda tayari vimechoka. Ya pili ni tiba za kuondoa sumu anazouziwa bila kipimo cha maana. Hatari hizi mbili zinahitaji kuelezwa pamoja.

Sura tatu za zebaki

Madhara ya zebaki hutegemea sura iliyoingia nayo na njia iliyopitia. Sura ya kwanza ni zebaki halisi, ile ya majimaji. Ikimezwa, kama tone kutoka kwenye kipimajoto kilichovunjika, hupita tumboni na kutoka chooni karibu yote. Ikivutwa kama mvuke mambo hubadilika kabisa: takriban asilimia 80 ya mvuke unaoingia mapafuni hubaki mwilini, na sehemu yake hufika kwenye ubongo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, woga wa watu na kusahau.

Sura ya pili ni chumvi za zebaki, ambazo huingia kwa kumezwa au kupitia ngozi. Hizi hukusanyika zaidi kwenye figo. Figo ikiumia huanza kuvujisha protini: mkojo hutoa povu jingi, uso huvimba asubuhi, kisha miguu.

Sura ya tatu ni methilizebaki. Zebaki inayotua ziwani au baharini hubadilishwa na bakteria wa kwenye matope, kisha hupanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi kwa samaki wakubwa walao wenzao, ikizidi kila ngazi. Tumbo la binadamu hufyonza takriban asilimia 95 ya methilizebaki iliyomo kwenye chakula. Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Dunia iliijua sura hii kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 madaktari walitangaza ugonjwa wa ajabu wa ganzi, kuyumba na kupungua upeo wa macho. Chanzo kilikuwa maji taka ya kiwanda cha kampuni ya Chisso yaliyomwagwa kwenye ghuba walikovua watu. Baadhi ya watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika ilhali mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili chache tu.

Inakoingilia

Katika Afrika Mashariki njia nzito zaidi ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, kama ule wa Geita na Chunya nchini Tanzania au Migori nchini Kenya. Baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, mchimbaji humimina zebaki ndani ya beseni na kuikoroga, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na kinachobaki ni donge dogo lenye rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa juu ya moto wa mkaa, na baada ya dakika chache rangi ya fedha hufifia na njano ya dhahabu hujitokeza. Takriban nusu ya uzito wa donge ilikuwa zebaki, na karibu yote imegeuka mvuke. Kazi hii ikifanywa jikoni au uani, mvuke huvutwa pia na mama aliye karibu na mtoto aliye mgongoni. Retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa majimaji, hupunguza sana hatari hiyo.

Njia ya pili ni krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, pamoja na mkorogo unaochanganywa mitaani. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ndiyo sababu huwekwa humo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa wazima waliovimba kwa ugonjwa wa figo, ambao wengi wao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Kopo halisemi kila mara kilichomo, ila dalili zipo: neno kalomeli, alama ya Hg, au onyo kwamba krimu isigusane na vito vya dhahabu, fedha au aluminiamu. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki hushikana na metali hizo. Kisichofaa kugusa pete hakifai kupakwa usoni. Krimu hizi haziishii kwa mpakaji tu: mabaki hubaki kwenye taulo, mashuka na mikono inayombeba mtoto.

Njia nyingine ni nyepesi zaidi. Mizibo ya meno yenye rangi ya fedha huwa na zebaki takriban nusu ya uzito wake, na hutoa mvuke kidogo sana wakati wa kutafuna. Kwa samaki, tahadhari ni kwa wakubwa walao wenzao, kama papa, nduwaro na jodari wakubwa, hasa kwa wajawazito na watoto. Dagaa na samaki wengine wadogo huwa na zebaki kidogo na lishe nyingi, hivyo hakuna sababu ya kuwaacha.

Kwa nini mgonjwa wa muda mrefu yumo hatarini zaidi

Figo ndizo mlango mkuu wa kutolea chumvi za zebaki, na ndizo zinazoumizwa nazo. Mwenye kisukari au presha ya siku nyingi huenda tayari amepoteza sehemu ya uwezo wa figo zake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye tenofovia pia huhitaji figo zake kuchunguzwa, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuziathiri. Zebaki ikiongezwa juu ya hayo, mzigo huzidi.

Tatizo jingine ni kufanana kwa dalili. Uchovu, ganzi miguuni, kichwa kuuma, kukosa usingizi na kusahau huletwa na zebaki, lakini huletwa pia na kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, ukosefu wa vitamini B12 au sonona. Kwa hiyo makosa hutokea pande zote mbili. Mwanamke anayejipaka krimu huambiwa kwamba protini kwenye mkojo ni ya kisukari chake, na hakuna anayeuliza anajipaka nini. Mwingine mwenye ganzi ya kisukari huambiwa ana "sumu ya metali", akaacha dawa zake. Dalili peke yake hazitoshi. Kinachofungua njia ni historia ya maisha: kazi, nyumba, vipodozi, chakula, dawa za asili.

Kipimo cha kweli na kipimo cha kupotosha

Mvuke na chumvi za zebaki hupimwa vizuri kwenye mkojo. Mgonjwa akitakiwa kukusanya mkojo wa saa 24, humwaga ule wa kwanza wa asubuhi, kisha huhifadhi wote unaofuata hadi wa kwanza wa asubuhi ya pili, katika chupa safi aliyopewa na maabara. Methilizebaki hupimwa kwenye damu au nywele. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo urefu wake hutunza kumbukumbu ya miezi iliyopita. Karibu kila mtu ana zebaki kidogo mwilini. Swali ni kiasi gani, na kama kinalingana na dalili na historia.

Kipimo cha kupotosha ni kile ambacho mtu hupewa kwanza dawa ya kunasa metali, ndipo mkojo wake ukapimwa. Dawa hiyo huongeza metali kwenye mkojo wa mtu yeyote, hata mzima. Jibu hilo likilinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa, kila mmoja ataonekana ameathirika. Mwaka 2009 chuo cha wataalamu wa sumu cha Marekani kilieleza kwamba kipimo hiki hakijathibitishwa kisayansi.

Tiba inayofaa

Hatua ya kwanza, na mara nyingi iliyo kubwa kuliko zote, ni kufunga chanzo. Mwili una njia zake za kutoa zebaki, kupitia mkojo na choo, na kwa wastani kiasi kilichomo hupungua kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi. Baada ya miezi minne hubaki robo, baada ya sita hubaki sehemu moja ya nane. Hesabu hiyo haiwezi kwenda mbele iwapo kopo la krimu bado lipo mezani au donge bado linachomwa jikoni.

Dawa za kunasa metali, kama DMSA na DMPS, zina nafasi yake kwa waliothibitika kuwa na kiwango kikubwa na dalili, chini ya uangalizi wa hospitali. Huongeza zebaki inayotoka kwenye mkojo, lakini haziwezi kurudisha mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa. Pia hubeba madini yanayohitajika mwilini, kama zinki na shaba. Dawa ya zamani zaidi, dimakaproli, haipewi mtu mwenye methilizebaki kwa sababu huweza kuipeleka kwenye ubongo.

Ditoksi za mitaani

Tiba nyingi zinazouzwa kwa jina la kusafisha damu au figo hazina ushahidi wa kuondoa zebaki. Beseni la umeme la kuwekea miguu ni mfano ulio wazi: maji hugeuka kahawia na mteja huambiwa ile ni sumu yake. Rangi hiyo ni kutu ya vyuma vilivyomo, kwani umeme ukipita kwenye maji ya chumvi huvila. Maji hayo hubadilika hata bila miguu ya mtu.

Nyingine zina madhara ya moja kwa moja. Juisi na unga wa majani yenye potasiamu nyingi huweza kuvuruga mapigo ya moyo ya mwenye figo dhaifu. Mkaa wa dawa haunasi zebaki ipasavyo, bali hunasa dawa anazomeza mgonjwa. Baadhi ya dawa za jadi za Kihindi hutengenezwa kwa kuwekwa zebaki makusudi. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu nchini Marekani, wawili wakiwa watoto, walifariki kutokana na kushuka kwa kalsiamu baada ya kudungwa dawa ya kunasa metali, EDTA.

Kung'oa mizibo ya meno iliyo mizima nako hutoa mvuke mwingi kwa wakati mmoja, na mamlaka ya dawa ya Marekani haishauri hivyo pasipo sababu ya kitabibu. Kwa mzibo mpya, mjamzito, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo au wa mishipa ya fahamu anafaa kuomba aina isiyo na zebaki.

Mgonjwa anayeshuku zebaki aende kliniki yake akiwa na makopo ya vipodozi na pakiti za dawa zote anazotumia, za hospitali na za asili, aeleze kazi yake na ya watu wa nyumbani, na aendelee na matibabu yake ya kila siku. Kipimo cha protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu ni rahisi kupatikana na huonyesha kama figo zimeguswa. Chanzo kikipatikana kwa mtu mmoja, wapimwe pia wanaoishi naye, watoto wakiwa wa kwanza.