Mwanao anataka kuishi kwa kukwea miti? Muulize kamba kwanza

Kijana akisema nyumbani kwamba anataka kazi ya kupanda miti, mama hudhani ni kuotesha miche. Akielewa kwamba ni kupanda juu, msumeno mkononi, kikao cha familia kinaanza.

Mzazi mwenzangu wa Nachingwea au Ruangwa, hofu yako ina sababu. Wengi wetu tunamjua mtu aliyeanguka kwenye mwembe na hakurudi kuwa yule yule. Lakini kazi ipo. Mikorosho ikishavunwa inahitaji kupogolewa, matawi makavu na yaliyosongamana yatoke, mwanga upite, na salfa ya kuzuia ubwiriunga ifike vizuri wakati wa maua. Mjini nako kuna miembe iliyoegemea mabati, na wenyewe ni wazee ambao magoti yamekataa.

Mtafutie fundi mzoefu, kisha angalia anaanzishwaje. Mwanafunzi mzuri hukaa chini kwanza: anashika kamba, anazuia watoto na kuku wasipite chini ya mti, anaburuta matawi. Huko ndiko anakojifunza kuutazama mti kabla ya kuugusa: tawi gani limeoza, wapi pana pango la nyuki, gome lipi lina utelezi baada ya mvua. Fundi anayempandisha siku ya kwanza, mchukue mwanao urudi naye nyumbani.

Akianza kupanda, awe na mkanda wa usalama na kamba iliyopita juu ya tawi nene lililo hai. Kamba ya kufungia mbuzi haifai. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Anaanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, anakata kiasi; kisha anakata kutoka juu, mbele zaidi, tawi lidondoke bila kuchana gome. Kisiki kinachobaki anakimalizia karibu na shina. Tawi lililo juu ya paa hufungwa kamba likashushwa polepole. Na mti uliogusa waya wa umeme hapandi kabisa, hata mwenye nyumba akiongeza hela. Hapo wanaitwa TANESCO.

Atakutana pia na maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani. Wanauma, ndiyo, lakini hula mbu wa mikorosho, kwa hiyo asichome viota vyao ovyo kwenye shamba la mtu.

Kuhusu biashara, ugomvi mwingi hutokea baada ya kazi. Bei ya kila mti ikubaliwe kabla ya kupanda, na isemwe wazi kuni ni za nani na nani atasafisha uwanja. Kama mti unakatwa wote, aulize kwanza kwa mtendaji au ofisa misitu kama kibali kinahitajika. Msumeno wa mashine unaweza kusubiri; wa mkono, kamba, mkanda na kofia ngumu vinatosha kuanzia. Wakiwa kikundi, waulizie halmashauri mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wana fungu la asilimia 4.

Na fedha ya kwanza, kabla ya simu mpya, inunue kamba ya pili.