MUNYU NA UBONGO ULIOVIMBA



Kisha somo la osmosi, wamoja walisema: "Kama munyu unavuta maji, basi mtu aliyeanguka pikipiki na kugonga kichwa tumunyweshe maji ya munyu." Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kuwaeleza jambo hili, sababu nusu ya wazo hilo ni kweli, na nusu ingine inaweza kuua.

Tuanze jikoni. Kata kabichi, tia munyu, ngoja kidogo: maji yanatoka. Maji yanakimbilia kule kwenye munyu mwingi.

Sasa kichwa. Fuvu ni mfupa, halipanuki. Ubongo ukivimba unakosa nafasi, mkazo unapanda, damu haifiki tena vizuri. Mgonjwa anatapika, anasinzia, mwishowe pumzi inaweza kukatika.

Mwaka 1919, kule Marekani, Lewis Weed na Paul McKibben waliingiza maji ya munyu mkali katika mishipa ya paka: ubongo ukanywea. Walipoingiza maji matupu, ukavimba. Leo waganga wanatumia njia ile. Serumu ya kawaida ina gramu 9 za munyu katika litri moja. Ile kali ya asilimia 3 ina gramu 30. Munyu ule haupenyi kwa urahisi ukuta wa mishipa ya ubongo. Unabaki katika damu, na maji yanatoka ubongoni kuufuata.

Lakini angalieni! Serumu hiyo inapita kwa mshipa, si kwa kinywa. Kipimo kinahesabiwa, na damu inapimwa mara kwa mara. Ukimunywesha mtu maji ya munyu atatapika. Kama amezimia, yataingia mapafuni. Munyu ukizidi katika damu, wenyewe unaua. Tena serumu haiponyeshi kidonda: inapunguza mkazo tu, ili waganga wapate wakati wa kutafuta damu iliyovuja ndani, na kupasua ikihitajika.

Basi mwenzetu akianguka kwenye mtelemko wa Kadutu, tufanye hivi: tusimunyweshe kitu, tusimutikise shingo, akitapika, tumugeuze ubavu, kichwa na mwili pamoja. Tumupeleke upesi hospitali, Panzi ao ile kubwa ya Jimbo. Hata akisema "nimepona", tusimwache peke yake usiku ule: akianza kutapika ao kusinzia ovyo, twende mbio.

Munyu wa jikoni ubaki jikoni.