Gesi ya Ziwa Kivu: karibu na macho, mbali na jiko

BUKAVU – Kwa wakazi wa kata ya Nyalukemba, wilayani Ibanda, Ziwa Kivu liko mlangoni. Katika vilindi vyake kuna gesi ya methani inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60. Hata hivyo, familia nyingi za Bukavu bado zinapikia makaa, na umeme wa mabwawa ya Ruzizi hauwatoshi.

Gesi ipo na ujuzi wa kuitoa upo. Kinachokwamisha ni njia ya kufikisha mitambo ziwani, na usalama wa kuiendesha.

Meli haziwezi kufika

Katika bahari za Aktiki, kampuni za mafuta hupambana na barafu, dhoruba na umbali. Tarehe 31 Desemba 2012, mtambo wa Shell uitwao Kulluk ulikwama ufukweni Alaska ulipokuwa ukivutwa na meli. Septemba 2015, kampuni hiyo ilitangaza kuacha uchimbaji katika bahari ya Alaska.

Kivu haina barafu, lakini hata kuvuta mtambo kwa meli haiwezekani. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mto pekee unaotoka humo, Ruzizi, huporomoka kwenye makorongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Pampu, mabomba na jenereta lazima vishushwe Mombasa au Dar es Salaam, visafirishwe kwa malori zaidi ya kilomita 1,000 na kuvuka mipaka, kisha tishari liundwe kando ya ziwa lenyewe.

Rwanda ilifanya hivyo. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, uliogharimu dola milioni 200 hivi, unazalisha megawati 26 tangu mwisho wa mwaka 2015. Tishari lake liko kilomita 13 kutoka nchi kavu. Bomba huteremka mita 350 hivi. Maji yakianza kupandishwa, mgandamizo hupungua, mapovu ya gesi hujitokeza na kuyasukuma yenyewe hadi juu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa.

Gesi haiko chini ya Bukavu

Sehemu kubwa ya methani iko chini ya mita 260. Ghuba ya Bukavu ina kina cha mita 100 hivi tu. Kwa hiyo tishari lingelazimika kukaa kaskazini zaidi, kwenye vilindi, na gesi au umeme wake uletwe mjini kwa bomba au nyaya ndefu.

Kazi yenyewe haitaki papara. Maji yaliyotolewa gesi hurudishwa kilindini ili matabaka ya ziwa yasivurugike na samaki, wakiwemo sambaza, wasidhurike. Kivu pia ina hewa ya ukaa nyingi kuliko methani. Nchini Kameruni, mwaka 1986, hewa hiyo ililipuka kutoka Ziwa Nyos na kuua watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu wanaishi watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili.

Zabuni, kisha vita

Julai 2022, Kinshasa ilifungua zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ziwani: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 ilizitangaza Symbion Power, Winds Exploration na Alfajiri Energy kuwa washindi. Lakini Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu pamoja na uwanja wa ndege wa Kavumu katikati ya Februari. Hadi wakati huo, upande wa Kongo haukuwa na kituo hata kimoja cha umeme wa gesi ya ziwa.

Vita vinagusa kila hatua ya safari hiyo: barabara, mpaka, bima ya shehena na mafundi wa kulinda tishari usiku na mchana. Vinagusa pia mkataba wa mwaka 1975, ambao Kongo na Rwanda zilikubaliana kutumia gesi hiyo kwa pamoja. Gesi ya kilindini haijui mpaka. Malori yanayobeba mabomba yanaujua.