Makocha wa kazi wanaoandika: Kionjo kipelekwe sokoni, siri ya mteja ibaki ghalani

Na Mwandishi Wetu

SOKO la huduma za makocha wa kazi na biashara limepanuka kwa kasi katika miaka ya karibuni, na ushindani wa kupata wateja nao umepanda. Kwa mujibu wa utafiti wa Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ICF, uliotolewa mwaka 2023, makocha duniani walikadiriwa kufikia 109,200, kutoka 71,000 waliokadiriwa mwaka 2019. Mapato yao kwa mwaka yalikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 4.56, na wastani wa malipo ya kikao cha saa moja ulikuwa dola 244.

Kocha anayezungumzwa hapa si yule wa filimbi pembeni mwa uwanja. Ni mtu anayelipwa kukaa na meneja, mwenye duka au mtumishi anayekaribia kustaafu, akamuuliza maswali mpaka mwenyewe aione njia. Mmoja wa walioipa kazi hiyo sura ya biashara ni Mmarekani Thomas Leonard, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshauri wa mipango ya fedha. Mwaka 1992 alianzisha shule ya makocha iitwayo Coach U, na mwaka 1995 alikuwa mstari wa mbele katika kuundwa kwa ICF. Leonard alikuwa mwandishi asiyechoka. Kitabu chake The Portable Coach kilitoka mwaka 1998, na hadi alipofariki mwaka 2003 sehemu kubwa ya jina lake ilikuwa imejengwa kwa maandishi.

Haikuwa bahati tu. Anayekwenda Tandale kununua mchele hutia mkono ndani ya gunia, akatazama punje, akanusa, akatafuna mbili tatu. Kocha hana gunia la kufungua. Mteja anatakiwa atoe fedha kwanza ndipo ajue amenunua nini. Wapo makocha wanaojifariji kwa msemo kwamba kizuri chajiuza, lakini msemo huo ni wa bidhaa inayoweza kuwekwa mezani. Huduma isiyoonekana inahitaji kionjo, na kionjo cha kocha ni ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, unaomfikia mteja kila wiki au kila baada ya wiki mbili, bila kukosa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko makocha. Kampuni ya John Deere ya Marekani, inayouza zana za kilimo, ilianza kuwatolea wakulima jarida la The Furrow mwaka 1895. Kampuni ya matairi ya Michelin ya Ufaransa ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900 na kukigawa bure kwa miaka mingi. Aliyesafiri zaidi alimaliza tairi mapema zaidi. Katika mifano yote miwili muuzaji hakuandika habari za ubora wake. Aliandika lile ambalo mnunuzi alikuwa na haja nalo asubuhi ile.

Hapo ndipo makocha wengi wanapokwama. Barua ya kwanza husifu umuhimu wa malengo, ya pili husifu nidhamu, ya tatu husifu kujiamini, na ya nne haitoki. Sababu ni kwamba mada hizo hazina mwenyewe. Hakuna mtu anayeamka usiku kuwaza "nidhamu". Huwaza kwamba msaidizi wake amezoea kuchelewa na ni mtoto wa shangazi yake, hivyo atamwambiaje.

Mada za kweli ziko katika vikao. Kocha anayetafuta ithibati ya ICF hulazimika kutunza orodha ya saa alizofanya kazi na wateja: saa 100 kwa ngazi ya kwanza, 500 kwa ya pili na 2,500 kwa ya juu. Orodha hiyo wengi huiona kuwa ni karaha ya makaratasi. Lakini ikiongezwa safu moja tu, ya swali lililotawala kikao, inageuka kuwa ghala la mada. Mwenye vikao 10 kwa wiki atakuwa na maswali 40 mwishoni mwa mwezi, na atashangaa kuona kuwa mengi ni ndugu wa maswali matano au sita. Swali lililorudi mara tatu kutoka kwa watu wasiofahamiana ndilo la kuandikia wiki hii.

Kalenda ya mahali pia ni chanzo ambacho hakitumiwi ipasavyo. Januari ni ada za shule, na mwajiri hupokea maombi ya mkopo wa mshahara kila siku. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30, na wazabuni wanaosubiri malipo huwa hawalali. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kati ya umri huo na huo kuna miaka mitano ya kujiuliza mafao yatafanya nini, na kwa nini kila jamaa anayemtembelea amekuja na wazo la mradi. Kocha mwenye wateja wa aina hiyo hawezi kusema amekosa la kuandika.

Aidha, ipo aina moja ya barua ambayo makocha huiogopa bure: ile inayosema nani asije. Mwenye madeni ya mahakamani anahitaji wakili. Aliyezama katika huzuni nzito anahitaji daktari. Barua ya namna hiyo hupunguza simu zisizo na faida, na msomaji humwamini zaidi muuzaji anayekubali kwamba dawa yake haitibu kila homa.

Sasa tufike penye hatari. Bidhaa bora kabisa aliyonayo kocha kwa ajili ya kuandika ni ile asiyoruhusiwa kuiuza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kocha ndiye kata. Kanuni za maadili za ICF zinamtaka atunze siri za mteja, na hata asiye mwanachama wa chombo chochote anajua kwamba biashara yake ni kuaminiwa. Visa vyenye mvuto zaidi, vya mkurugenzi aliyelia kikaoni au ndugu wawili waliogombea duka la marehemu baba yao, ndivyo vinavyoweza kumfungia duka yeye mwenyewe.

Kubadili jina hakutoshi. Chukua mfano wa barua inayomtaja "Mama K., meneja wa tawi la benki katika mji mdogo, aliyefiwa na mumewe mwaka jana". Jina halimo, lakini katika mji wenye matawi manne ya benki hakuna asiyemjua. Watu humtambua mtu kwa mchanganyiko wa kazi, mahali na tukio, na vitatu hivyo vikikaa pamoja jina huwa ni ziada. Njia iliyo salama zaidi ni kuliacha tukio likae ghalani na kutoa swali peke yake. Swali la mama yule lilikuwa hivi: nitawaongozaje watu kazini katika kipindi ambacho mimi mwenyewe sina nguvu? Swali hilo ni la mwalimu mkuu, ni la mwenye gereji, ni la mchungaji. Likiandikwa hivyo linawafikia wasomaji wengi kuliko kisa chenyewe, na hakuna anayeoneshwa kidole.

Pale ambapo kisa kizima ni cha lazima, ruhusa iwe ya maandishi, na mteja aisome barua kabla haijatoka. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa mwisho wa kikao kizuri, mteja akiwa na furaha, si ya kutegemea. Vilevile ni vyema kuacha miezi kadhaa ipite. Mteja akisoma Jumatatu swali aliloliuliza Alhamisi, hata likiwa limevuliwa nguo zote, atajua ni lake, na katika kikao kijacho atapima maneno.

Kuhusu zana za kazi, maoni ya ukurasa huu ni kwamba makocha wanatumia fedha nyingi mahali pasipo na tatizo. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa Posta katika karne ya 19, aliandika riwaya 47, nyingi kati ya hizo kabla ya kwenda kazini. Aliketi mezani saa 11:30 alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Zana yake ya gharama kubwa ilikuwa mtumishi mzee wa kumwamsha na kahawa, ambaye kwa kazi hiyo alimwongezea pauni 5 kwa mwaka. Mtaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alijibana kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, tano za kupumzika. Kila simu ya leo ina saa ya namna hiyo bila malipo.

Kwa kutunza mada, kaunta buku moja inatosha kwa mwaka. Asiyeamini daftari na amtazame Niklas Luhmann, msomi wa Ujerumani aliyetumia kadi za karatasi zipatazo 90,000, kila moja ikiwa na namba ya kuiunganisha na nyingine, akaandika vitabu zaidi ya 50. Wanaopendelea programu za simu wakumbuke kwamba ghala hilo ni la kupanga, na mwenye nyumba anaweza kubadili masharti. Mwezi Desemba 2023 programu ya Evernote iliwawekea watumiaji wake wa bure kikomo cha kumbukumbu 50 na daftari moja. Kadhalika orodha ya anwani za wasomaji, ambayo ndiyo mali halisi ya kazi hii, inafaa inakiliwe kila mwezi na kuwekwa mahali pa mwenyewe, huduma ya kutuma barua iwe ya nani.

Zana moja ya kisasa inastahili sifa. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo mtu anaweza kuzisema nazo zikajiandika. Kocha ni mtu wa kusema. Akitoka kikaoni akatembea dakika kumi akiliambia swali simu yake, anapata rasimu yenye sauti ya mtu, ambayo ni rahisi kusafisha kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Na kwa kuwa wateja wengi wa Dar es Salaam hueleza shida zao kwa Kiswahili, ni ajabu kwamba barua wanazopokea baadaye huwa za Kiingereza cha semina.

Kuhusu akili mnemba, iliyoingia mikononi mwa watu wengi tangu ChatGPT ilipofunguliwa Novemba 30, 2022, ni msaidizi mzuri wa kufupisha na kusahihisha. Ikiachiwa barua nzima huleta mchele uleule ulio kwa kila jirani, na mnunuzi anayeonja hana sababu ya kuchagua gunia lako. Lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ile ya kuingiza humo kumbukumbu za vikao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sheria ya Kenya inahesabu mali, hali ya ndoa, afya na majina ya watoto kuwa taarifa nyeti, yaani karibu kila kitu kinachozungumzwa mbele ya kocha. Kubandika maelezo ya kikao katika mtambo ulio ng'ambo ili upendekeze mada kunaweza kumgharimu kocha zaidi ya alichotarajia kupata.

Hesabu ya gharama yenyewe si ngumu. Tuchukue kocha anayetoza sh. 100,000 kwa saa na kuandika maneno 600 kwa wiki kwa nusu ya kasi ya Trollope. Barua moja itamchukua dakika 72. Barua 50 kwa mwaka ni saa 60, sawa na sh. milioni 6 kama saa hizo zingekuwa na mnunuzi. Ili kuzirudisha anahitaji wateja 10 wa vikao sita sita, na bado atakuwa na saa nyingine 60 za kuwahudumia. Kwa kocha aliyejaza kitabu chake biashara hiyo hailipi, na barua moja kwa mwezi inamtosha. Kwa anayeanza, ambaye ratiba ya Jumatatu asubuhi ni nyeupe, saa hizo hazina bei nyingine.

Yote hayo yanategemea swali ambalo makocha wachache huliuliza siku mteja mpya anapofika: umetufahamu kupitia wapi? Jibu liandikwe katika kaunta buku ileile, pamoja na tarehe na barua aliyoitaja kama ipo. Baada ya miezi sita kocha atajua ni barua zipi zimeleta fedha na zipi zimeleta pongezi tu.