Makosa ya Wakati katika Tamthilia za Kihistoria: Mfano wa Petite Barrière

Mwanafunzi anayetazama tamthilia ya kihistoria kwenye televisheni huona upesi saa ya kisasa mkononi mwa askari wa zamani, au shati lililochafuka ambalo dakika moja baadaye ni safi. La kwanza ni kosa la wakati, la pili ni kosa la mwendelezo. Sisi walimu wa lugha tunajali zaidi makosa ya wakati yaliyo vinywani mwa wahusika, kwa kuwa hayo hupita kimya.

Tuchukue Petite Barrière, kituo cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma kinachotumiwa zaidi na wachuuzi na watembea kwa miguu. Mtunzi anaandika tukio la Julai 1994. Bendera ya Rwanda iwe na rangi nyekundu, njano na kijani pamoja na herufi R. Ya sasa ilianza mwaka 2001. Ng'ambo ni Zaire, jina rasmi hadi Mei 1997. Mhusika akisema "naenda DRC" amekwisha kutoka nje ya wakati wake. "Wilaya ya Rubavu" nayo ilikuja na mgawanyo wa 2006. Tena mchuuzi wa Goma husema "batu" na "batoto". Akipewa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam, hilo ni kosa la mahali.

Filamu ya Hotel Rwanda (2004) ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Sometimes in April (2005), aliyoiongoza Raoul Peck kwa ajili ya televisheni ya HBO, ilipigwa Rwanda kwenyewe. Hata hivyo, katika zote mbili wahusika husema Kiingereza kwa wingi, ilhali wasomi wa Rwanda wa 1994 walisoma kwa Kifaransa. Hilo tunalivumilia, maana ni soko, ila mwanafunzi aambiwe.

Lisilovumilika ni kosa la neno. Katikati ya Julai 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 850,000 waliingia Goma kwa siku chache. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Miongoni mwao walikuwamo raia wa kawaida na watoto, na pia askari wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe walioshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kipindupindu kiliwaua makumi ya maelfu. Picha za msururu ule zimetumiwa mara nyingi kana kwamba ni za wahanga wa mauaji hayo. Mtunzi akiwaita wote "manusura", amewachanganya waliowindwa na baadhi ya waliowawinda.

Kwa hiyo darasani tunapendekeza zoezi dogo: wanafunzi watunge maneno ya watu watatu penye kizuizi kile, yaani mchuuzi, askari aliyevua sare, na mama mwenye mtoto mgongoni. Kila neno la kumtaja mtu, kama vile mkimbizi, manusura, mhanga au mshukiwa, walitetee kabla ya kuliandika.