Fahamu: Tarakimu nne zinazotaja umri wa tairi

Tairi huzeeka hata kama halijatembea sana. Umri wake umeandikwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT.

Zinasomwaje?

Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, chungulia ubavu wa ndani.

Kwa nini umri ni muhimu?

Jua, joto na hewa hukausha mpira. Nyufa ndogo hutokea ubavuni, na safu za ndani huanza kuachana. Ndiyo maana tairi la mtumba lenye kashata nzuri bado linaweza kupasuka barabarani, hasa gari likiwa na mzigo mkubwa na upepo ukiwa pungufu. Kupakwa dawa ya kung'arisha hakurudishi uimara wake.

Libadilishwe lini?

Kina cha kashata kikishuka hadi milimita 1.6, au ubavu ukivimba, usisubiri. Watengenezaji wengi hushauri lisizidi miaka 10, hata la spea. Pima upepo kila mwezi, asubuhi kabla ya safari, ukifuata kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.